Imbwa muzee alikufwa, baba alikuwa ku mugodi

Mu kampi zetu, mutu akikufwa kila mumoja anajua kazi yake. Wanatandika mikeka mu lupango, wanawasha moto, wanaume wanalala inje, wamama wanapika, na siye wa sendika tunatembeza karatasi ya michango. Imbwa akikufwa, hakuna mukeka. Watoto wanalia asubui moja, baba anachimba shimo mbele ya bisi ya kazi kupita, na kila mutu anaenda kwake. Ni vile tulizoea. Hatukuona ubaya.

Lakini mwaka wa 2020 ulituonyesha kitu. Hata lile shimo dogo, hata zile dakika tano za kumwambia imbwa muzee kwaheri, mutu anaweza kunyanganywa.

Mu ukurasa huu tunazoea kuongea juu ya mishahara, ya kontra, ya vumbi mu mapafu. Leo tunaongea juu ya imbwa wazee waliokufwa wakati wa konfinema ya korona, wenyewe wao wakiwa wamefungiwa ku mugodi. Wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linagusa kazi yetu kuliko linavyoonekana.

Namna milango ilifungwa

Tukumbushane kidogo. Mugonjwa wa kwanza wa korona mu inchi yetu alijulikana ku Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3, mwaka wa 2020. Siku nane nyuma, Raisi wa inchi alitangaza makatazo: masomo yafungwe, makanisa yafungwe, watu zaidi ya 20 wasikusanyike. Hata kilio kilikatazwa mu nyumba na mu sale. Maiti itoke ku morge, iende moja kwa moja ku makaburi, na watu wachache tu nyuma yake. Tarehe 23, jimbo la Haut-Katanga lilifungwa kwa masaa 48. Kesho yake, tarehe 24, Raisi alitangaza hali ya dharura kwa inchi yote, na ile hali iliendelea mpaka mwezi wa 7.

Migodi haikufungwa. Shaba na kobalti ziliendelea kutoka. Ili kazi isisimame, sosiete mingi za Lualaba na za Haut-Katanga ziliwaambia wafanyakazi: mwenye kubaki abaki ndani, alale huku, akule huku. Wengi walizani ni juma moja ao mawili. Wengi walikaa miezi miwili, wengine zaidi. Walilala wengi mu chumba kimoja, walifanya masaa mingi, na mwenye kuuliza ruhusa ya kuona watoto alijibiwa kama kazi iko ndani, inje hakuna. Mu mwezi wa 6, mashirika ya haki za binadamu, ya kwetu na ya ngambo, yaliandika barua ya wazi juu ya mambo hayo. Siye ma delege tulikuwa tumeisha kuyasema tangu mwezi wa 4, mu mikutano na ku karatasi.

Ku upande wa pili wa fensi, familia zilibaki na bei ya unga. Mahindi mingi yetu yanatoka ku Zambia, yanapitia Kasumbalesa, na kila mara mupaka unapokazwa, ngunia ya unga inapanda. Mama alibaki na watoto ambao hawaendi ku masomo, na bakoko ambao hawapaswe kutembelewa. Mu lupango zingine, chini ya muti wa maembe, kulikuwa na imbwa ambaye uzee ulikuwa umemufikia.

Batasema

Mu Kolwezi tunajua dereva mumoja wa kamyo kubwa za mugodi. Tunaacha jina lake. Jina la imbwa wake tunaweza kuliandika: aliitwa Batasema. Mu Katanga unajua vile tunaita imbwa. Jina la imbwa ni maneno mutu anatupia majirani bila kugombana nao. Huyu ndugu alipopata kazi, watu walisema kama alihonga. Akanunua kitoto cha imbwa, akakiita Batasema, na kila mangaribi akakiita kwa sauti kubwa. Majirani walisikia. Nyuma ya miaka 13 hakuna tena mwenye kukumbuka ugomvi, lakini jina lilibaki.

Batasema alijua saa ya bisi ya kazi. Mbele ya saa kumi na mbili ya mangaribi, alikuwa anasimama, anaenda pole pole mpaka ku kona ya avenue, anakaa. Bisi ikisimama, alikuwa anarudia na bwana wake, wakifuatana. Mu mwezi wa 3 bisi ilisimama mara ya mwisho. Imbwa aliendelea kwenda. Mama ya nyumba anasema alienda kila siku, mwezi wote wa 4, na giza ikiingia alirudia peke yake. Mu mwezi wa 5 miguu ya nyuma ilianza kukataa. Alikuwa anafika ku mulango wa lupango tu, anaangalia avenue kutoka pale. Kisha mashika iliingia.

Wenye hawajue Katanga wanazani huku ni joto siku zote. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku, mashika yetu inauma mifupa. Mutu muzee anaisikia, na imbwa muzee vile vile. Mama alimuingiza ndani, akamulaza karibu na mbabula, juu ya ngunia. Siku moja akapiga telefone ku mugodi.

«Baba ya batoto, Batasema haiko anakula tena. Tangu jana ni mayi tu, kidogo. Anaangalia mulango.»

Huyu ndugu alienda kumuona mukubwa wake wa kazi. Hakumwambia ni imbwa. Alisema tu kuko mugonjwa ku nyumba, anaomba siku moja. Jibu lilikuwa lile ambalo wote walilijua: ukitoka, utangoja inje, na nafasi yako atapewa mwingine. Alirudia mu chumba. Saa tatu ya usiku, mbele ya posti yake, alipiga telefone tena. Akaomba mama aiweke ku sikio ya imbwa.

Tulimuuliza alisema nini. Alituambia bila haya: «Nilimwambia, Batasema, ni miye. Bisi imechelewa tu. Lala, kazi yako uliifanya.»

Mama anasema masikio ya imbwa hayakusikia tena vizuri, na sauti ya telefone haikumufanya kitu. Njo mutoto wa pili, kijana wa miaka 11, alikumbuka salopeti ya zamani ya baba yake, iliyotundikwa nyuma ya nyumba, ile ya kufanyia kazi za lupango. Ilikuwa na harufu ya mafuta, ya udongo, ya baba. Wakaitandika chini ya kichwa cha Batasema. Akanusa. Akapiga mukia mara moja, mara mbili. Asubui ya siku ya Mungu alikuwa amekufwa, pua yake ndani ya kitambaa.

Kijana huyo alifanya jambo la akili, hata kama hakulijua. Mu mwili wa imbwa, pua njo jicho lake la kweli. Uzee unakamata macho, unakamata masikio, lakini kunusa kunabaki nyuma ya vingine. Mwenye hawezi kufika, nguo yake inaweza kufika mahali pake. Tunaliandika hili ili mwenye atajikuta mu hali ile alijue.

«Ni mambo ya Bazungu»

Tulipoanza kuuliza watu habari hizi, wandugu wengine walitujibu: kulilia imbwa ni mambo ya Bazungu. Tunawaheshimu, lakini si kweli.

Mu pori za Congo, tangu zamani za bakoko, muwindaji hakuwa mutu bila imbwa wake. Kuko aina ya imbwa wa kwetu, mudogo, masikio yamesimama, mukia umejikunja juu ya mugongo, ambaye halalamike kama imbwa wengine. Hatoe ile sauti ya wou-wou. Wawindaji walimuvalisha kengele ya muti ku shingo ili wasikie anapita wapi mu majani. Mu miaka ya 1930 Waingereza walikamata imbwa wa aina ile, wakawapeleka kwao, wakawapa jina la Basenji. Hilo ni lile neno letu la kutukana, bashenji, watu wa pori. Leo imbwa wa «washenji» wanalala ku viti vya nguo laini mu Uingereza na mu Marekani, na wenyewe wao wanalipa bei kubwa. Basi, kupenda imbwa hatukufundishwa na mutu. Sisi tulikuwa tunajua tangu zamani imbwa ni wa kazi, na mwenye alifanya kazi na wewe miaka 13 haumutupe kama takataka.

Na kama ni kwa Wazungu, hata wao konfinema iliwagusa pale pale. Mu Uingereza na mu Marekani, mu miezi ya mwanzo ya 2020, munganga wa nyama alikuwa anapokea imbwa ku mulango, na mwenyewe anabaki mu motokari ku parkingi. Wengi waliaga imbwa wao muzee kupitia kioo, ao kupitia telefone, kama ndugu yetu wa Kolwezi.

Hofu ya korona nayo iliwapata imbwa. Ku Hong Kong, mwanzo wa mwaka ule, imbwa mudogo wa miaka 17 alipimwa, wakakuta korona kidogo, kwa sababu bibi yake alikuwa mugonjwa. Wakamufungia karantini. Tarehe 14 mwezi wa 3 walimurudisha ku nyumba, tarehe 16 akakufwa. Habari ile ilizunguka dunia yote, na mu kampi zetu ilifika ikiwa imeisha kugeuka: «imbwa wanaleta korona». Tunajua lupango ambamo imbwa alifukuzwa kwa sababu ya maneno yale. Ukweli ni kwamba korona ilitoka ku mutu ikaenda ku mutu. Imbwa wachache waliipata kutoka kwa wenyewe wao, na waganga hawakuona kama imbwa njo walikuwa wanaisambaza. Imbwa muzee wa Hong Kong alikuwa na miaka 17, na kwa imbwa ule ni uzee mukubwa sana.

Mutu wa ngunia

Kuko jambo lingine la kusema wazi. Mu miji yetu kuko watu wanakula nyama ya imbwa, na kuko wanaoiuza. Hatuhukumu sahani ya mutu. Lakini wakati wa konfinema, wafanya biashara ile walijua lupango gani zilibaki bila baba.

Mama mumoja wa Likasi, bwana yake alikuwa amefungiwa ku mugodi tangu juma tisa, alipata mugeni ku mulango, na ngunia tupu ku bega. Mugeni aliangalia imbwa aliyelala, akasema: «Mama, huyu atakufwa bure. Uniuzishe, nitakupa makuta ya unga.» Ku nyumba unga ilikuwa inabaki ya siku mbili. Primu ya bwana yake ilikuwa bado kufika. Hata hivi mama alijibu: «Huyu alichunga batoto yangu. Hatuwezi kula mwenye alituchunga.» Mugeni akarudia mara mbili. Mara ya tatu majirani walimufukuza.

Juma lile yule mama alikopa unga kwa jirani, akailipa mwisho wa mwezi. Imbwa aliishi siku 12 tena. Wakamuzika nyuma ya muti wa avoka. Tulimuuliza kama haikumuuma kukopa wakati pesa ilikuwa ku mulango. Alituangalia kama watu wasiojua kitu. «Batoto balikuwa banaangalia,» alisema. «Baba yao haiko. Nikiuza imbwa, batazani nini?»

Wandugu wanaume, tuelewe neno lile. Watoto waliona baba amekamatwa na kazi, harudi. Kama na imbwa anatoka mu ngunia, wanajifunza kama mu nyumba yao mwenye kuchoka anauzwa. Mama alilipa bei ya unga ili wasijifunze vile.

Jambo hili linagusa kazi

Sasa turudie ku mugodi. Dereva wetu wa Kolwezi, asubui ile alipopata habari, alipanda kamyo yake. Kamyo ya namna ile inabeba tani mingi, na ku barabara ya mugodi kosa la dakika moja linatosha. Alifanya masaa yote ya posti. Hakumwambia mutu. Aliogopa watamucheka: mwanaume mukubwa analia juu ya imbwa.

Siye tunasema hapa kuna hatari ambayo haiandikwe ku mabango ya usalama. Mutu aliyefungiwa miezi miwili, mwenye kulala mubaya, mwenye kupata habari ya kifo, hata cha imbwa, si mutu wa kuweka peke yake ku usukani. Machozi mutu anayemeza haiishe, inaenda ku mikono. Kapita wa zamani walijua: walikuwa wanamuangalia mutu uso asubui mbele ya kumupa mashini. Leo tunapuliza tu mu chombo cha kupima pombe, na mashini inasema uko muzuri.

Sheria inasema nini? Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inampa mufanyakazi siku 4 za kongé akifiwa na bibi, bwana, muzazi ao mutoto, na siku 2 kwa jamaa wa nyuma yao. Imbwa haiko mu karatasi ile, na hatutaomba iwekwe. Mukubwa wa kazi atacheka, na tutapoteza mambo ya maana zaidi. Lakini wakati wa konfinema kulikuwa na wafanyakazi ambao hata zile siku 4 za muzazi hawakuzipata, kwa sababu «mwenye kutoka harudie». Mulango uliomunyima mutu kuzika imbwa wake ni ule ule uliomunyima mwingine kuzika mama yake. Njo maana hatutenganishe mambo haya mawili. Mulango ukizoea kufungwa ku kitu kidogo, hautafunguka ku kitu kikubwa.

Na magonjwa hayajaisha. Tarehe 14 mwezi wa 8, 2024, shirika la afya la dunia lilitangaza mpox kuwa hatari kwa dunia yote, na inchi yetu ilikuwa katikati. Ebola tunaijua tangu 1976. Siku moja mutu atasema tena: tufunge, wafanyakazi wabaki ndani. Siye tunataka siku ile karatasi iwe tayari, na iseme hivi:

Kwanza, siku za kubaki ndani ziandikwe, na mwisho wake, na zamu za kutoka. Mufanyakazi ajue tarehe yake ya kurudia kwake.

Pili, telefone na inite zitolewe na sosiete, na mahali pa kuongea pawe pa siri, si mbele ya watu 10 mu chumba.

Tatu, kila juma mutu mumoja wa sendika na mumoja wa sosiete wapite ku familia, waulize habari, walete habari. Familia ikisema kuko mugonjwa, kuko muzee, kuko jambo lolote la kuaga, mwenyewe ajue siku ile ile.

Ya ine, mwenye kupokea habari mubaya asipande mashini mu posti ile. Apewe kazi ya chini, na mwenziwe wa kukaa naye. Asiulizwe ni nani alikufwa mbele ya kuhurumiwa.

Hatuoni kitu cha kuchekesha mu mistari hii mine. Ma delege wenzetu, muikate, muiweke mu fardi.

Kwa mwenye ana imbwa muzee leo

Tumalizie na mambo ya kufanya, kwa sababu familia nyingi zilituuliza.

Imbwa wengi wanafika miaka 10 mpaka 13. Uzee wao unakuja pole pole: macho yanakuwa na wingu, meno yanatoka, miguu ya nyuma inatetemeka, usingizi unaongezeka. Chakula kiwe laini: bukari ya uji na supu ya fretini, bila mifupa. Mayi iwe karibu. Wakati wa mashika alale ndani ao ku ukuta wenye jua, juu ya ngunia mbili. Na mbabula ikiwa ndani, dirisha ifunguliwe kidogo, kwa sababu moshi ya makala inaua watu pamoja na imbwa.

Musichanganye uzee na kichaa cha imbwa. Uzee ni wa miezi, kichaa ni cha siku. Imbwa mupole akianza gafula kuuma bila sababu, mate yanatoka, hawezi kumeza, sauti imegeuka, usimuguse. Mara mingi atakufwa mbele ya siku 10. Mutu akiumwa, aoshe kidonda na sabuni na mayi ya kutiririka dakika 15, kisha aende mbio ku hopitali kwa sindano, siku ile ile. Kichaa kikisha kuonekana mu mwili wa mutu, hakuna dawa inayomuponyesha. Kwa hiyo imbwa wote wapate chanjo kila mwaka, hata wazee.

Kama imbwa anateseka sana, muitane munganga wa nyama. Anajua namna ya kumulaza bila maumivu. Sumu ya panya hapana: inatesa imbwa masaa mingi, na inabaki mu lupango kungojea kuku na mutoto mudogo.

Akikufwa, mumukamate na mufuko ao glovu. Muchimbe metre moja, mbali na kisima, mumufunike vizuri ili imbwa wengine wasichimbe. Watoto wawepo. Musiwaambie «amekimbia» ao «tulimupeleka ku shamba», kwa sababu mutoto atangoja ku kona ya avenue, kama vile Batasema alivyongoja bisi. Waambieni amekufwa, alikuwa muzee, alifanya kazi yake.

Na kama baba ao mama iko mbali, ku mugodi ao ku safari, musizike mbio mbio bila kumuita. Mungoje mangaribi, mumupigie telefone, aseme maneno yake. Haitaji kuwa mengi. Mutu aliyesema kwaheri anaweza kurudia ku kazi. Yule ambaye hakusema anaibeba, na anaibeba mpaka ku usukani.